Nairobi ya miti: uzi kwa mnaokuja kutembea

Mtanga wa Ngara

Wakuu, salaam na habari za kazi.

Shule zikikaribia kufunga huwa napigiwa simu na ndugu wa Tanga, Moshi na Dar: "Tunakuja Nairobi siku chache, tutembee wapi?" Wengi wameshapewa orodha na waliotangulia: maduka makubwa ya Westlands, sehemu za kula, picha ya maghorofa usiku. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi naishi hapa, na nasema kwa moyo wote kwamba mgeni aliyeingia Nairobi akatoka bila kukanyaga msitu ameuona mji nusu. Tena ile nusu ambayo Dar nayo inayo.

Mji mkuu gani mwingine unaweza kumwona faru mweusi kabla ya saa mbili asubuhi, ukala chakula cha mchana katikati ya jiji, na jioni ukasimama mbele ya maporomoko ya maji, yote bila kutoka nje ya kaunti? Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu miti hii haikubaki kwa bahati. Karibu kila eneo la kijani mtakaloingia lilitaka kumegwa, na kuna watu walioweka miili yao mbele ili lisimegwe. Ukiijua habari hiyo kabla ya kwenda, matembezi yanakuwa na uzito mwingine.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa 1899. Palipo katikati ya jiji leo palikuwa uwanda wenye kinamasi. Misitu ilikuwa upande wa kaskazini na magharibi, kuelekea nchi ya Wakikuyu. Injini za treni zilikuwa zikila kuni, na serikali ya kikoloni ikaanza kutafuta miti inayokua haraka. Ndiyo maana mnaona mikaratusi mingi hadi leo, mti uliotoka Australia. Mwaka 1907 wakaanzisha Arboretum, shamba la kujaribia miti ya kigeni, na bado lipo karibu na Ikulu, ekari zaidi ya 70, lina aina zaidi ya 350 za miti, mingi ikiwa na kibao cha jina. Mlango ni nafuu, watu huenda kusoma, kusali, kupiga picha za harusi. Chungeni chakula tu, kima na tumbili wa pale wana mikono myepesi.

Lakini mkiniambia nichague mahali pamoja, nachagua Karura.

Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, una njia za miguu na baiskeli zinazozidi kilomita 50. Kuna maporomoko ya maji, mapango ambayo wazee wanasema wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo, mianzi kandokando ya mto, na ziwa dogo la mayungiyungi. Baiskeli zinakodishwa langoni. Mti wa asili wa kuutafuta ni muhugu: ndio mbao ngumu ambazo wachongaji wa Kikamba wamechongea twiga na vifaru vinavyouzwa kwa watalii miaka yote. Ukikutana na muhugu mzima umesimama, utaelewa kwa nini umekuwa adimu.

Sasa historia. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba vipande vya Karura vilikuwa vimegawiwa watu binafsi wajenge nyumba za kifahari. Profesa Wangari Maathai na Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, wakaanza kwenda kupanda miche palepale palipokatwa miti. Tarehe 8 Januari 1999 walipofika langoni, wakiwa na wabunge na waandishi wa habari, walikuta kundi la vijana wamewekwa kuwazuia. Walipigwa. Wangari alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki. Miaka mitano baadaye, 2004, mama huyo akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwa hiyo mtakapokuwa mnatembea na watoto mle, mkisikia maji na ndege, kumbukeni kwamba palikuwa pawe mtaa wa majumba yenye mageti.

Nitaendelea na mbuga na kati ya mji. Karibuni kwa maswali.

---

Mama Wawili Moshi

Asante sana kaka. Mimi natoka Moshi na wanangu wawili, wa miaka sita na tisa. Hawatatembea kilomita nyingi msituni. Na sitakuwa na gari. Nisaidie siku moja tu iliyopangika, wasichoke, nami nisifilisike.

---

Mkazi wa Kasarani

Karibu Nairobi dada. Mimi ni mzaliwa wa hapa, wacha nikujibu hilo la watoto.

Chukua upande wa Lang'ata siku nzima, usiuchanganye na pande nyingine, foleni itakumaliza. Kabla ya yote weka nafasi mapema kwa kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick. Umma unaingia saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na bila nafasi iliyolipiwa hawakufungulii. Hapo watoto wataona ndovu wadogo wakinyonyeshwa kwa chupa na kuoga matope, mlezi akieleza kila mmoja aliokotwa wapi: huyu mamake aliuawa na majangili, yule alitumbukia kisimani. Wakikua wanapelekwa Tsavo kurudi porini. Kituo kilianzishwa 1977 na Daphne Sheldrick, ambaye ndiye aliyefaulu kutengeneza maziwa ya kulea ndovu mchanga wa kunyonya. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa.

Ukitoka hapo nenda Giraffe Centre, si mbali. Twiga anachukua chakula mkononi mwa mtoto. Upande wa pili wa barabara kuna njia ya msituni ambayo wageni wengi hawaijui, fupi, watoto wataiweza. Kama bado mna nguvu, malizieni Nairobi Safari Walk pale lango kuu la mbuga, unatembea juu ya daraja la mbao, wanyama wako chini. Karibu yake kuna Animal Orphanage, kituo cha wanyama waliookolewa, kilifunguliwa 1964.

Kwa usafiri, matatu za 125 na 126 zinazoenda Rongai zinapita lango kuu la mbuga, na 24 inaenda Karen. Lakini ukiwa na watoto wawili, teksi ya simu kati ya vituo itakuokoa, umbali ni mdogo.

---

Mtanga wa Ngara

Mkazi wa Kasarani amemaliza. Naongeza mambo mawili kwa Mama Wawili.

La kwanza ni malipo. Mbuga na maeneo ya serikali hayapokei fedha taslimu tena. Unalipa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa M-Pesa au kadi. Ukishavuka Namanga nunua laini ya Safaricom kwa pasipoti yako, jioni hiyohiyo ufungue akaunti, usiifanye hiyo kazi ukiwa langoni na watoto wanalia. Raia wa Afrika Mashariki tuna kiwango chetu, kiko chini sana ya kile cha mgeni wa Ulaya, kwa hiyo beba pasipoti au kitambulisho cha taifa kila uendako. Viwango hubadilika, angalia siku ya kwenda.

La pili ni plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kabla yetu. Na tangu Juni 2020 chupa za maji za kutupa, vikombe na sahani za plastiki haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fukwe. Wanunulie watoto chupa za kujaza. Utakaguliwa.

---

Fundi Rangi

Mkuu umeandika vizuri lakini ngoja niseme ukweli. Nimefanya kazi Nairobi miaka kadhaa. Mji wa kijani uko wapi? Mto Nairobi ukipita Gikomba na Korogocho maji ni meusi. Barabara ya juu ile ya Mombasa Road hadi Westlands walipoijenga walifyeka miti yote ya katikati. Anayeishi Eastlands mti wa karibu anauona kwenye kalenda. Hiyo kijani unayoisifia iko Karen, Runda na Muthaiga kwa matajiri, tena Karura unalipia mlango. Msitu wa umma unalipiwaje?

---

Mtanga wa Ngara

Fundi, nashukuru umelileta, maana uzi huu ungekuwa pungufu bila hilo.

Uliyoyasema yapo. Ramani ya miti ya Nairobi inafuata ramani ya ubaguzi wa wakoloni: Wazungu walijitengea vilima vya magharibi na kaskazini vyenye udongo mwekundu na misitu, Wahindi wakapewa Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye uwanda wa udongo mweusi usiopitisha maji. Mvua inanyesha tofauti, udongo ni tofauti, na fedha za manispaa zilienda tofauti. Kosa hilo halijasahihishwa. Kwa hiyo mgeni akiniuliza kwa nini Muthaiga kuna kivuli na Dandora hakuna, namweleza hivyo hivyo.

Ila sikubali kwamba kwa sababu hiyo tusiwapeleke watu msituni. Angalia maeneo ya bure. Jeevanjee Gardens iko katikati kabisa ya mji. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyeanza kama mkandarasi wa reli, aliitoa kwa wakazi wa mji 1906. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza majengo na maegesho ya magari, na binti yake, akiwa mama mtu mzima, akasimama kuipigania, Wangari naye akiwa upande wake. Leo saa ya mchana unakuta wahubiri, vijana wanaobishana siasa, watu wanaopumzika kwenye nyasi bila kuulizwa risiti. Hiyo ni bustani ya mtu wa Eastlands anayefanya kazi mjini.

Na Uhuru Park. Ilifunguliwa na Mzee Kenyatta 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60, na sanamu ya rais pembeni. Wangari akaandika barua kila mahali, serikalini, Umoja wa Mataifa, kwa wafadhili. Alitukanwa bungeni, aliambiwa ni mwanamke aliyeachika hana la kusema, ofisi yake ikahamishwa. Wafadhili wakajitoa, jengo likafa. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakaenda kukaa kwenye kona ya bustani hiyohiyo wakidai watoto wao, wakagoma kula. Polisi walipowavamia kwa virungu na gesi, baadhi ya wazee wale walivua nguo, laana ambayo kila mwanamume wa Kiafrika anaijua. Walihamia kanisa kuu la All Saints na kuendelea karibu mwaka mzima, na wengi wa wafungwa wale wakaachiliwa. Kona ile inaitwa Freedom Corner. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilitiwa sahihi kwenye bustani hiyohiyo.

Kuhusu mto, nenda ukaone Michuki Park karibu na makutano ya barabara ya Globe. Palikuwa jalala na maficho ya vibaka. Waziri John Michuki alipokuwa Mazingira 2008 alianza kupasafisha, pakapandwa miti, pakaharibika tena, pakarekebishwa. Mto wenyewe bado mchafu. Lakini unakaa chini ya mti, unasikia ndege, mita chache kutoka kwenye matatu za Thika Road.

Miti ya Uhuru Highway imekwenda, kweli, na iliniuma kama ilivyokuuma. Ila kuna mgumo mmoja, mti wa jamii ya mkuyu, pale Waiyaki Way, Westlands, una zaidi ya miaka mia, ulikuwa kwenye njia ya barabara hiyohiyo. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 rais akatoa amri usikatwe. Upo. Kwa Wakikuyu mgumo ni mti wa ibada, haukatwi ovyo. Ukipita kwa gari mwombe dereva apunguze mwendo uutazame.

---

Mkazi wa Kasarani

Hapo kwa mlango wa Karura wacha nijibu kwa sababu nimekulia kando ya ule msitu. Kabla ya 2010 hakuna mtu alikuwa anaingia Karura kutembea. Ilikuwa mahali pa kutupa maiti na pa kuibiwa gari. Mama akikutuma upande ule unakataa. Kilichobadilisha ni uzio wa umeme, walinzi waliochukuliwa kutoka vijiji jirani kama Mji wa Huruma wa huko Runda, na ushirikiano wa wakazi na Shirika la Huduma kwa Misitu. Pesa ya mlango ndiyo imekuwa ikilipa mlinzi, ikang'oa mikaratusi na magugu ya lantana na kurudisha miti ya kwetu. Hata mbega, wale weusi wenye manyoya meupe, waliletwa kutoka Kipipiri walikokuwa wanakosa msitu, na sasa wanazaana hapa. Leo unaona wasichana wanakimbia peke yao saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwangu hiyo ni pesa halali.

Fundi akitaka bure kabisa, City Park pale Parklands, nyuma ya soko. Kima ni wengi, msitu wa asili uko pale kabla ya mji.

---

Mtanga wa Ngara

Asante kwa kutaja City Park, maana ndani yake kuna mahali ambapo ningependa kila Mwafrika Mashariki asimame hata dakika chache: bustani ya Murumbi. Joseph Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai, alikuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya 1966, akajiuzulu mwaka huohuo. Aliomba azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi Februari 1965 nje ya nyumba yake. Wako pale, Murumbi na mkewe Sheila, na sanamu za wasanii wa Kiafrika zimewazunguka kwenye majani. Ukitoka hapo nenda Nyaraka za Taifa, lile jengo la mawe la Moi Avenue mkabala na Hilton ya zamani. Chini kabisa kuna mkusanyo wa Murumbi: vinyago, vitambaa, vito, silaha za makabila, vitu alivyokusanya maisha yake yote. Kiingilio ni kidogo na wageni wengi hupita nje kila siku bila kujua.

Sasa mbuga. Hapa sitakuwa mfupi.

Nairobi National Park ilitangazwa Desemba 1946, ya kwanza Kenya. Ni kilomita za mraba 117, na lango kuu liko kama kilomita saba kutoka katikati ya jiji. Ina simba, chui, nyati, twiga, pundamilia, pofu, kongoni, kiboko na mamba mtoni, na ndege wa aina zaidi ya 400. Tembo hakuna, eneo ni dogo kwao. Faru ndio fahari ya mbuga: weusi na weupe, na ni rahisi kuwaona hapa kuliko mbuga nyingi kubwa, hata za kwetu. Sisi wa Tanzania tunaotoka kwenye nchi ya Serengeti tuna tabia ya kuidharau. Msiidharau. Kumwona faru anakula majani na nyuma yake majengo ya Upper Hill yanang'aa jua la asubuhi ni kitu ambacho Serengeti haiwezi kukupa.

Ingieni lango likifunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne wanyama wameshaingia kivulini. Kama hamna gari, changeni watu sita au saba mkodi gari la kitalii lenye paa la kufunguka nusu siku, mkigawana ni bei inayobebeka. Teksi ndogo ya chini itakwama msimu wa mvua.

Mwombeni dereva awapeleke kwenye eneo la kuchomea pembe. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu pale, dunia nzima ikatazama, na miezi michache baadaye biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa. Aprili 2016 zikachomwa tani 105 kwa mara moja, na zaidi ya tani moja ya pembe za faru. Majivu bado yako pale.

Kisha tazameni kusini. Mbuga ina uzio pande tatu tu. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uko wazi hadi nyanda za Athi na Kapiti, ili nyumbu na pundamilia watoke mvua ikinyesha na kurudi kiangazi. Njia hiyo inazibwa mwaka baada ya mwaka na viwanja, viwanda na nyaya za mji wa Kitengela. Kumekuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kimaasai wasizungushe uzio kwenye ardhi yao. Na juu ya mbuga mtaona daraja refu la reli ya SGR kuelekea Naivasha, treni ya abiria ilianza kupita 2019. Twiga wanapita chini yake. Wenyeji walilipinga mahakamani na barabarani, likajengwa. Litazameni na mjiamulie wenyewe.

---

Mdau wa Dodoma

Huu uzi umenigusa kwa sababu sisi huku nasi tumekuwa mji mkuu kwelikweli, na tumeambiwa tuifanye Dodoma ya kijani. Tunapanda, kiangazi kinaua. Hivi Nairobi walifanyaje mpaka barabara zikawa na maua vile? Na ni mwezi gani mzuri kuja kuyaona?

---

Mtanga wa Ngara

Mdau, Nairobi ilibebwa na mambo ambayo Dodoma haina: mwinuko wa karibu mita 1,800, baridi, misimu miwili ya mvua, mito kadhaa inayoshuka kutoka Kikuyu na Limuru. Lakini maua ya barabarani ni kazi ya mikono. Miaka ya 1950 manispaa ilikuwa na msimamizi wa bustani, Peter Greensmith, aliyejaza barabara kwa jakaranda, bogenvilia na kibobakasi, na alikuwa na kitalu kikubwa na wafanyakazi wa kumwagilia hadi mti ujitegemee. Huko kwenu ningesema pandeni miti ya ukame ya nyumbani, migunga na mikwaju, na muihesabu miti iliyofikisha miaka mitatu kuliko ile iliyopandwa siku ya sherehe.

Jakaranda huchanua kuanzia Septemba hadi Novemba, Oktoba ndiyo kilele. Barabara za Upper Hill, State House Road na Arboretum zinakuwa zambarau juu na chini. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, wa Pwani mbebe sweta nzito. Machi hadi Mei ni mvua za masika, njia za msituni zinateleza, ila maporomoko yanakuwa na maji mengi.

---

Binti wa Chumbageni

Kaka wa nyumbani hongera. Mimi nitakuwa napita tu, basi la Arusha linaniacha asubuhi na ndege yangu ni usiku. Nina begi dogo. Nione nini na niko peke yangu? Nimeambiwa Nairobi wezi.

---

Mtanga wa Ngara

Dada, karibu sana. Basi litakuacha maeneo ya River Road. Usitoe simu barabarani pale, begi livae mbele, na acha pasipoti na fedha nyingi ndani ya nguo. Watu wa hapa ni wakarimu ukiwauliza, uliza mwenye duka au mlinzi wa benki.

Tembea hadi Moi Avenue, ingia Nyaraka za Taifa. Kisha kuelekea Haile Selassie kuna bustani ya August 7, mahali palipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa 1998. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi asubuhi ile, na wenzao 11 Dar es Salaam karibu saa hiyohiyo. Majina yameandikwa ukutani. Ni padogo, pana miti na kimya, na kwetu sisi Watanzania panahusu pia.

Rudi kupitia Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, na nyuma yake maktaba ya McMillan yenye simba wa mawe, ya 1931, ambayo kwa miongo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Swala ya adhuhuri utaipata hapohapo, wanawake wana sehemu yao. Halafu panda KICC, lile jengo la mikutano la mviringo lililokamilika 1973, hadi paa la juu. Ukiwa kule ndipo utaiona Nairobi ya kijani kwa jicho moja: Karura kaskazini, Ngong magharibi na vilima vyake, mbuga kusini. Hewa ikiwa safi baada ya mvua, Mlima Kenya unaonekana upande mmoja na Kilimanjaro yetu upande wa pili.

Saa nane chukua teksi hadi Makumbusho ya Taifa, si mbali. Mwone yule kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu 1984. Ukitaka miti badala ya mifupa, Karura iko mbele kidogo kwa Limuru Road, matatu za Ruaka zinapita lango. Lakini uwe umetoka kabla ya saa kumi jioni. Barabara ya uwanja wa ndege jioni haitabiriki, jiachie saa mbili nzima.

---

Mama Wawili Moshi

Nimeshaweka nafasi Sheldrick, Jumanne. Nauliza la mwisho: chakula watoto wale wapi upande huo wa Lang'ata, bei ya kawaida?

---

Mkazi wa Kasarani

Dada, beba chapati na matunda kwenye kibebeo, pale Safari Walk kuna mahali pa kukaa. Jioni ukirudi shukia Kenyatta Market, kuna vibanda vya nyama choma, unachagua nyama mwenyewe wanakupimia kwa kilo, na ugali na kachumbari juu. Uliza bei kabla haijaingia motoni. Na ukiona foleni kwa kibanda kimoja, hicho ndicho.